Sekunde Kumi na Tano za Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewasha namba. Mimi! Si Mzee Volti, ingawa yeye ndiye fundi na mimi ni mshika ngazi wake. Yeye magoti yameshakataa kupanda. Alibaki chini, mkono kiunoni, anatoa amri. Nikapanda, nikaunga waya wa mwisho, nikapaza sauti, "Washa!" — na pale juu ya taa nyekundu ikatokea 15. Halafu 14. Halafu 13. Namba kubwa kama kichwa cha mtoto. Njia panda nzima ikasimama kunitazama. Haya, ilisimama kwa sababu taa ni nyekundu. Lakini walinitazama.

Taa zenyewe zilikuwepo miaka yote. Zilikuwa zinabadilika tu, hakuna ajuaye lini. Sasa kila mtu anasoma. Dereva anaona amebakiza sekunde ngapi za kusubiri, na anayevuka kwa miguu anaona hizo hizo. Ubavuni mwa gari letu wameandika kwa rangi nyekundu: TAARIFA NI USALAMA. Mimi ndiye ninayeuosha huo ubavu.

Na kuna siri tamu, naiandika humu tu. Fomu ya ofisi ilikuwa na pengo: "Muda wa mvukaji wa kawaida." Tupu. Hakuna aliyelijaza. Mzee Volti akatazama huku, akatazama kule, akasema, "Hebu vuka wewe nikuhesabie." Nikavuka. Kifua mbele, kwa madaha, maana wasichana wa duka la dawa walikuwa mlangoni. Sekunde kumi na moja! Akaongeza nne za huruma, zikawa kumi na tano. Nikatia sahihi yangu, ile yenye mkia.

Kwa hiyo mvukaji wa kawaida wa mji huu ni mimi. Kidato cha pili sikumaliza, na leo nimekuwa kipimo.

Jumanne, 4 Machi

Namba imekuwa sinema ya bure. Vijana wa pikipiki wanahesabu kwa sauti kama wanarusha roketi. Dereva wa lori la mchanga kaniambia sasa anazima injini, anamenya chungwa, anakula, anawasha, anaondoka. Nikamwambia, mshukuru aliye mbele yako. Akanirushia ganda.

Jioni nikamsimulia Shangazi. Huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Anafua mashuka ya hospitali, ng'ambo ya njia panda hiyo hiyo. Anavuka asubuhi kwenda, anavuka saa kumi jioni kurudi. Nyonga yake ya kushoto ilivunjika zamani, aliteleza kwenye sakafu ya sabuni kule kufulia, ikaunga kombo. Anatembea kama mtu anayepima kitambaa — hatua, anatulia, hatua, anatulia.

"Hiyo saa yenu," akasema, "inanifukuza kama mwizi."

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni sayansi, Shangazi.

"Sayansi ina nyonga?"

Yaani huyu mama! Nimecheka mpaka nikapaliwa na chai.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua kitu, na nimekigundua mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Namba ikifika 3, injini zinaunguruma. Ikifika 2, pikipiki zimeshapita mstari. Ikifika 1, hiyo nyekundu haina mtu tena. Na wale wa kijani nao wakiona zimebaki 3, badala ya breki wanakanyaga mafuta, wawahi. Wote wana taarifa!

Nikamwonyesha Mzee Volti. Alikuwa anakula. Akasema watu wamechangamka tu, wataizoea.

Jumamosi, 8 Machi

Leo sina kazi, nikamsindikiza Shangazi. Nilitaka aone nilivyo maarufu pale.

15, akaweka mguu barabarani. Njia ni nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi. Mimi nikawa nahesabu kimoyomoyo. 10, tuko njia ya kwanza bado. 7, ya pili. Nikamwambia kaza mwendo Shangazi. "Nikaze nini? Nimekaza tangu nyumbani." 3, injini zikaanza. Tuko njia ya tatu. 0 — na njia ya nne yote tunaidai.

Pikipiki zikatupita mbele na nyuma kama maji yanayopita jiwe. Dereva mmoja akatoa kichwa. "Mama, muda wako umekwisha! Husomi?"

Husomi! Shangazi anasoma kuliko mimi. Ndiye aliyenifundisha namba, kwa zile zilizoshonwa kwenye pembe za mashuka ya wodi. Nikamtukana yule dereva. Tusi zuri kabisa, silo la kuandikwa. Alikuwa ameshafika mbali.

Sekunde ishirini na moja. Hizo ndizo za Shangazi.

Tulipofika ukingoni nikamuuliza, zamani ulikuwa unavukaje? Akasema, "Nilikuwa nanyanyua mkono, naingia. Hawakujua taa itabadilika lini, nami sikujua. Basi tunatazamana. Kama kuna mtu barabarani, wanasubiri apite. Sasa hawanitazami. Wanatazama juu."

Nami nikatazama juu. Mimi! Nikambebea tu mfuko.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwomba Mzee Volti tuongeze ziwe ishirini na tano. Akasema sanduku la kupangia muda linafunguka kwa nywila, na nywila iko ofisini. "Mimi nafunga waya, mwanangu. Sifungi muda."

Nikaenda ofisini. Ni mbali, mwisho wa mji, saa nzima na ushee kwa mguu na foleni. Bosi wa pale wote wanamwita Bwana Takwimu. Shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, zote zina vifuniko. Anakaa kwenye chumba chenye skrini ukuta mzima, kila skrini na njia panda yake. Magari yanapita humo bila sauti, kama samaki. Yetu ni ya tatu kutoka kushoto, safu ya juu. Kamera yake iko pembeni ya saa, mkono mmoja tu kutoka pale nilipounga waya.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Ajali ngapi pale tangu tufunge saa?"

"Bado hakuna, ila—"

"Basi namba ni nzuri."

Nikamweleza habari za Shangazi. Akasikiliza vizuri, lazima niseme haki. Halafu akasema, "Kijana, shangazi ni mmoja. Magari ni elfu tisa kwa siku." Na namba hii, akasema, haikuokotwa. Ilipimwa. Akafungua faili, akanigeuzia karatasi. Mvukaji wa kawaida, sekunde kumi na moja, nyongeza nne, jumla kumi na tano. Na chini pale sahihi. Mkia wake umezunguka mpaka kwenye muhuri.

Nikasema aliyepimwa ni mimi.

Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Basi unaona," akasema. "Ulivuka vizuri tu."

Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi kaguswa. Ndivyo anavyosema mwenyewe: sijagongwa, nimeguswa. Pikipiki iliondoka kwenye 2, kioo chake kikanasa mfuko, mfuko ukamvuta, akapiga magoti njia ya tatu. Goti limechubuka, kiganja kimechubuka. Vitambaa vyake viwili na kopo la mafuta vikasagwa. Mwenye pikipiki alisimama, alisema samahani mama, nilikuwa na mbili. Ana mbili! Kama anazimiliki.

Nikapiga simu ofisini. Dada karani kaniuliza, kuna karatasi ya polisi? Hakuna. Kuna karatasi ya hospitali? Hakuna, alijifunga mwenyewe, anafanya kazi hapo hapo. "Basi kaka, hiyo haiingii." Aliniambia kwa upole, kama mtu anayekuambia basi limejaa.

Kwa hiyo ili namba ibadilike lazima Shangazi agongwe sawasawa. Nimekaa na hiyo hesabu jioni nzima. Kila nikiigeuza inarudi pale pale.

Shangazi anacheka. "Mvukaji wa kawaida, nipitishie hiyo pamba."

Nilishamwambia siri ya fomu. Hakunigombeza. Bora angenigomb— basi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya!

Na sikufanya kwa kujificha kama wezi wa waya. Saa nne asubuhi, jua kali, kizibao cha kung'aa, kofia ya plastiki, ngazi ya kazini begani. Mtu akiwa na ngazi na kizibao haulizwi kitu katika dunia hii. Nikapanda na mifuko miwili mieusi ya takataka, nikaivisha zile saa mbili zinazotazama barabara ya Shangazi, nikafunga kwa kamba. Taa zenyewe sikuzigusa. Nyekundu ni nyekundu, kijani ni kijani. Namba tu ndizo nimezifumba macho.

Askari wa barabarani akaja. Moyo ukashuka mpaka kwenye soksi. Akauliza, "Matengenezo?" Nikasema matengenezo. Akanishikia ngazi! Tena akaniambia nishuke taratibu.

Mzee Volti hajui. Alikuwa kwa daktari wa magoti.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikaa kwenye ngazi za duka la dawa tangu asubuhi kuangalia. Mwanzoni ilikuwa bado fujo. Madereva wanapiga honi, wananyoosha shingo, mmoja kashuka kabisa kutazama juu. Lakini kidogo kidogo — jamani! Wakawa hawajui. Na asiyejua anangoja. Injini zimetulia, macho mbele. Macho mbele!

Shangazi alikuja saa kumi. Akanyanyua mkono, akaingia. Taa ikabadilika kuwa kijani akiwa njia ya tatu, kama kawaida. Na hakuna aliyeondoka. Dereva wa teksi wa mbele alikuwa anamtazama, akamwonyesha kwa kiganja, pita mama. Ishirini na moja zote. Sijawahi kuona sekunde nzuri vile.

Nikamwambia, unaona kazi yangu, mimi Bwana Umeme?

Akaangalia mifuko juu, akaangalia kamba, akaangalia mimi. "Hilo fundo ni la kwangu," akasema. Kweli, ndilo alilonifundisha, la kufungia marobota ya mashuka. Halafu akasema, "Watakufukuza wewe." Lakini alikuwa anatabasamu, na goti lile lililochubuka hakulishika njia nzima.

Nimelala mfalme.

Jumatatu, 17 Machi

Mfalme kashushwa.

Ofisi imepigiwa simu zaidi ya hamsini. Saa yetu imefunikwa! Tunaibiwa muda wetu! Hamsini. Shangazi alivyoguswa aliyepiga simu ni mmoja, na ndiye anayeandika hapa.

Mzee Volti akapokea agizo: ondoa takataka kwenye saa. Akanipa ngazi. Alikuwa ananitazama sana, nadhani amejua. Akasema tu, "Panda, mwanangu. Panda utoe."

Nikapanda. Nikafungua fundo langu. Namba ikatokea, 9, na huko chini watu wakapiga makofi. Makofi yale niliyoyataka siku ile ya kwanza! Nilitamani kuteremka kwa upande usio na ngazi.

Nyumbani nikamwambia Shangazi tufanye hivi: kila siku saa kumi nitakuwa pale, nitashika kizibao mkononi kama bendera, nitasimama mbele ya magari mpaka apite. Nisipokuwepo asivuke, anisubiri. Akasema atasubiri, lakini si sana, upande wa hospitali hakuna hata jiwe la kukalia, na nyonga yake inauma zaidi ikisimama kuliko ikitembea. "Mpaka na robo," akasema. "Ikipita na robo nitajua kazi imekushika, nitakuja mwenyewe."

Nikamwambia kazi gani ya kunishika mimi!

Jumanne, 18 Machi

Niko ofisini kwa Bwana Takwimu. Naandika humu kwenye daftari na dada karani anadhani naandika maelezo.

Waliniita saa saba. Nikadhani ni dakika kumi. Nikaja na kizibao changu chini ya kwapa, tayari kwa saa kumi. Nikakalishwa benchi la nje mpaka saa tisa! Ndipo Bwana Takwimu akaniingiza chumba cha skrini, akanionyesha filamu. Kamera pembeni ya saa, ile niliyoisahau. Pua yangu imejaa skrini nzima. Nimeng'ata kamba kwa meno, nimefurahi kama mjinga. Na chini kabisa, kofia ya askari aliyeshika ngazi. Hata mimi nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Akasema nimwandikie maelezo, kurasa mbili, kwa nini niliharibu mali ya umma. Nisipomaliza kabla ofisi haijafungwa, kesho nisije, na Mzee Volti naye ataulizwa. Akaenda kwenye mkutano ghorofa ya juu. Mkutano ni wa kufunga saa nyingine ishirini.

Nimeandika: Kwa sababu ya Shangazi. Dada karani akasoma, akasema kaka, haitoshi, weka sababu za kitaalamu.

Saa kumi kasoro kumi. Kutoka hapa hata nikikimbia, hata nikipata pikipiki ya kichaa, sifiki. Nimempigia simu Shangazi. Imeita mpaka ikakata. Nikakumbuka — iko nyumbani kwenye chaji, niliichomeka mwenyewe. Nimepiga kufulia. Wamesema ameshatoka.

Saa kumi na dakika mbili. Namwona. Skrini ya tatu kutoka kushoto, safu ya juu. Kitambaa cha njano. Ni mdogo kama punje ya mahindi. Amesimama ukingoni, anatazama upande ninaotokeaga.

Nimemwomba dada karani aongeze muda, kompyuta si hii hapa? Akasema mikono yake haina nywila, nywila ni ya bosi. Nikasema mpigie. Kapiga. Simu ya bosi imezimwa, mikutano yote wanazima. Nikamwambia basi panda juu umwite. Akasema mlango ukifungwa haugongwi. Halafu akatazama skrini, akauliza, yupi? Nikamwonyesha. Akavua viatu vyake vya visigino, akapanda ngazi mbio.

Saa kumi na dakika saba. Taa zimeshawaka nyekundu mara nyingi, zimebadilika, hajavuka. Anasubiri. Amehamishia uzito mguu wa kulia. Sasa ameshika nguzo. Nimepunga kizibao kwenye skrini, mpumbavu mimi.

Na robo imepita. Dada karani hajarudi.

Nyekundu tena. Magari yamesimama. Amenyanyua mkono — ule wa zamani, kiganja wazi. Ameingia.

Namba haionekani kutoka hapa, kamera iko pembeni yake. Nahesabu kwa kidole mezani. Kumi na tatu. Kumi. Njia ya kwanza. Hatua, anatulia. Saba. Ya pili. Mkono bado uko juu. Nasikia visigino — hapana, alivua. Ni mtu mwingine. Tano. Pikipiki mbili na gari jeupe mbele kabisa, njia ya nne. Tatu, yuko njia ya tatu. Pikipiki zimepita mstari. Gari jeupe limetikisika. Na dereva wake namwona kabisa, miwani, shati la kola. Hamtazami Shangazi. Ameinua uso kwenye namba. Anatutazama sisi huku juu, macho kwa macho, kama ananisoma mimi —